Mizani

Alhamisi, saa mbili asubuhi, kijiji cha El Zapotillo,
juu kabisa, milima ya Chiquimula.
Hermelinda ametundika mizani barazani mwa kanisa,
kwenye ndoano ambayo Jumapili huning'inizwa taa.
Uso wake ni mviringo kama saa ya ukutani,
ila mshale huu hausogei mbele kwa kungoja.

Watoto wanavalishwa kaptura ya turubai,
wananing'inia, miguu hewani.
Wengi wanalia.
Wasiolia ndio anaowaogopa.

Mwaka huu mahindi yalitoa ndevu,
kisha mvua ikakata mguu siku arobaini.
Ndevu hizo ndizo mavuno.
Zimehamia vichwani mwa watoto:
nywele nyekundunyekundu, nyepesi,
zinang'oka na kitana bila ubishi.

Kuku wa Fidelina hutaga. Mtu asiseme hakuna mayai.
Mayai manne hushuka mlima ndani ya kitambaa
na hupanda yakiwa mahindi, chumvi,
na kahawa, ambayo mtoto hupewa kwenye chupa ya kunyonyea
kwa kuwa ni ya moto, ni tamu,
na tumbo ni jepesi kudanganyika.
Mumewe, Vidal, yuko ng'ambo ya mpaka, Honduras,
anachuma kahawa isiyo yake.
Ametuma salamu.
Salamu hazipikiki.

Adelso. Miaka mitatu na miezi miwili.
Kwenye ubao wa kupimia kimo anaishia pale
dada yake alipoishia akiwa na mwaka na nusu.
Mshale unapanda, unatetemeka, unasimama
juu ya mstari mwekundu, kwa unywele tu.
Hermelinda anachukua kalamu.
Anairudisha chini.
Amebeba watoto wote wa kijiji hiki,
na mikono nayo ni mizani.
Anatia vidole mfukoni mwa koti la mtoto.

Jiwe.
Jiwe la mtoni, laini, ukubwa wa yai.
Mto ulikauka Machi. Umetoa ulichobakiwa nacho.

Mshale ukashuka robo kilo.
Kina mama kwenye benchi wakaanza kuwafunga watoto
vifungo vilivyokwisha fungwa.
Fidelina peke yake hakuinamisha uso:

     Wa kwanza walimtwaa, wakasema siku tatu;
     Nikangoja nikakaa, nikaletewa viatu;
     Huyu japo ana njaa, njaa yake ni ya kwetu;
     Mniachie

Kwetu sisi, mshororo uliopungua mizani
huitwa guni, na lawama ni ya mtunzi.
Nami nilimhesabia mama huyu silabi kwa vidole,
kama nilivyofundishwa, nane kwa nane,
hadi nikafika pale sauti ilipomwishia,
nikavionea haya vidole vyangu.
Mtoto akipungua, alaumiwe nani?
Msimtazame mama.
Tazameni aliyemwuzia mbegu kwa mkopo,
aliyenunua kahawa kwa bei ya kahawa iliyooza,
aliyechora barabara ikaishia kwa mwenye shamba.
Tazameni, lakini si sasa. Sasa gari linawaka moto.

Hermelinda aliandika uzito wa kweli,
hakuusoma kwa sauti.
"Napanda nawe," alisema. "Nitalala chini ya kitanda chake.
Mama yangu atabaki na wale wawili.
Na mayai, Fidelina, wiki hii
yasishuke mlima."

Fidelina hakuitikia, hakukataa.
Aliketi ngazini, akampakata mtoto,
akamvua viatu, kimoja, kisha kingine,
akampa jirani avirudishe nyumbani.
Miguu akaizungushia shali yake mwenyewe.

Ndipo Adelso akalia, kwa mara ya kwanza siku ile,
kilio chembamba, cha hasira, mkono umenyooshwa:
alitaka jiwe lake.

Wakampa.